Posa ya Arakaza Katika Maegesho ya Wheaton

Mama Arakaza alikuwa amekwisha kuvaa tulipofika. Alikuwa ametoka kazini Manassas, katika nyumba ya kulelea wazee, akaletwa na Gratien kwa lile gari refu linalobeba vyombo vya kwaya, akabadilisha sare yake katika choo cha wanawake. Sasa alikaa katika kiti cha mbele cha ukumbi, peke yake, amejifunga imvutano ya zambarau iliyopindwa begani kama wavaavyo wanawake wa Burundi siku za heshima. Mikono ilikuwa juu ya magoti. Alikuwa akiutazama ukuta mweupe, na projekta haikuwa imewashwa bado. Asiyemjua angedhani ni yeye anayekuja kuposwa.

Aliyekuwa akiposwa ni binti yake Arakaza, naye alikuwa Bujumbura. Mama huyu, ambaye jina lake la ubatizo ni Généreuse, alimwacha binti kwa shemeji yake Clement wakati mtoto alikuwa bado anafundishwa kufunga kamba za viatu. Ombi lake la hifadhi hapa Marekani halijapata jibu hadi leo, na mwombaji akitoka nje ya nchi kabla ya kujibiwa huenda asirudi tena. Kwa hiyo Arakaza alikulia katika simu. Sauti yake ilikomaa katika simu, alifaulu mitihani katika simu, na ilikuwa ni katika simu alipomwambia mama yake, kwa kunong'ona, kwamba kuna kijana.

Kisha binti akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliwaambia wazee wa ukoo kwamba hatakipokea kinywaji cha posa mpaka mama yake amtoe kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wageni. Wazee wakanung'unika: baba mdogo yupo, na neno la baba mdogo linatosha. Ni Clement mwenyewe, huyo baba mdogo, aliyewanyamazisha. "Tutampigia simu," alisema. "Atasema, na wote watasikia."

Sauti, basi, ilikuwa na njia yake. Mimi nilipewa picha. Simu za video kutoka kwao zilikuwa zikiganda kila baada ya muda mfupi, uso wa mtu unabaki umefumbua kinywa huku maneno yameshapotea. Kwa hiyo niliandaa ukurasa katika tovuti ya kanisa letu. Mpiga picha aliyekodiwa Bujumbura angerusha sherehe moja kwa moja, na jamaa walioko Kigoma na Nairobi wangetazama pamoja nasi.

Nilikuwa nimekabidhiwa tovuti ile mwanzoni mwa mwaka, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta, na niliipenda kazi hiyo kwa namna ambayo wenzangu chuoni wangeicheka. Kanisa letu ni la watu wa Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi. Hukodi ukumbi wa chini ya ardhi katika jengo la kanisa lingine hapa Wheaton, na saa ya ibada ikiisha tunakunja viti na kuondoka bila kuacha alama. Tovuti ndiyo mahali petu pekee ambapo hatukunji viti. Niliamini, na bado naamini, kwamba watu waliotawanyika wanaweza kujengewa sebule mahali pasipo na ardhi.

Watu walipokwisha kujaa, nikawasha projekta na kufungua ukurasa. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, kisha ukuta ukatangaza kwa herufi kubwa kwamba tovuti haipatikani.

"Zima uwashe," alisema Mzee Mutai kutoka nyuma. Mzee Mutai huja kutoka Bowie, ni mtumishi wa serikali aliyekaribia kustaafu, na ndiye aliyeisimamia tovuti kabla yangu, miaka mingi, kwa kanuni hiyo moja. "Hiyo kitu ni ya kuzima na kuwasha tu. Mimi nimerestart mpaka mashine ya mkurugenzi."

"Nimeshazima, Mzee."

"Ulihesabu mpaka kumi?"

"Nilihesabu."

"Kwa Kizungu ama kwa Kiswahili? Hesabu kwa Kiswahili. Ni ndefu, mashine inapoa vizuri."

Watu wakacheka, nami nikajaribu kucheka. Nikafuata utaratibu niliofundishwa, wa kuanza na kilicho karibu na kwenda mbali polepole. Nilifuta kumbukumbu za kivinjari. Nilijaribu kivinjari kingine, kisha kompyuta ya mtu mwingine. Nilikichomoa kisanduku cha waifai na kukichomeka tena. Niliangalia kama jina la tovuti lilikuwa limepitwa na muda, maana makanisa mengi husahau kulihuisha na hushtuka siku ya harusi au ya msiba; letu lilikuwa salama. Magazeti yalifunguka, barua pepe ilifunguka, hata ukurasa wa kuuzia viatu uliojileta wenyewe ulifunguka. Ni tovuti yetu tu iliyokuwa kimya.

Mama Arakaza hakugeuza shingo. "Jelagat, mwanangu," aliita, "wameanza?"

"Bado kidogo, mama."

Lakini walikuwa wameanza. Ujumbe wa Clement uliingia katika simu yangu wakati nikisema hayo: wakwe wamefika, wameketi, na picha ni nzuri ajabu. Yeye mwenyewe alikuwa akijiona kwenye ukurasa wetu, Kigoma wanaona, Nairobi wanaona. "Na nyinyi," aliuliza, "mnatuona vizuri?"

Nilisoma maneno hayo mara mbili. Tovuti ilikuwa hai. Yeyote duniani aliyetaka kumwona Arakaza angeweza kumwona, isipokuwa watu wa chumba hiki, na katika chumba hiki alikuwamo mama yake.

Tovuti inayowafungukia wengine na kukataa mahali pamoja haijaharibika, imefungwa. Kila seva ina mlinzi wake, programu inayochunga mlango wa wasimamizi. Mtu akikosea nywila mara nyingi kutoka anwani moja ya mtandao, mlinzi humwona kuwa mwizi na kuizuia anwani hiyo isione chochote. Nasi sote, kwa kuwa tulitumia waifai moja ya ukumbi, mbele ya mlinzi yule tulikuwa mtu mmoja.

Nikasimama mbele yao. "Naomba kuuliza. Kuna mtu amejaribu kuingia kwenye tovuti asubuhi hii? Ule mlango wa ndani, wa msimamizi?"

Kisha mkono wa Gratien ukapanda hadi usawa wa sikio. Gratien ni mtu wa Uvira, upande wa Kongo, kiongozi wa kwaya, na sikuwa nimepata kumwona akiwa na aibu kabla ya siku hiyo.

"Mi nilijaribu tu kidogo, dada. Nilitaka kuweka foto ya mama pale juu, ipendeze. Ikakatala mot de passe."

"Ulijaribu mara ngapi, kaka Gratien?"

"Bon... mpaka ikakatala kabisa."

"Aliniambia inakataa," Mzee Mutai akadakia, "nikamwonyesha vile huandikwa. Ikakataa hata mimi. Mimi! Mwenye nilitengeneza hiyo nywila!"

"Mimi nilijaribu kwa simu yangu," alisema Shiku wa sauti ya kwanza, akiwa bado ameshika sinia la maandazi. "Nilidhani ni simu za wazee ndizo mbovu."

Nyuma yake mikono mingine ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, kama watu wanaoitikia wito wa kuokoka.

Miaka yote tovuti ilikuwa na nywila moja, iliyojulikana na kamati, kwaya, akina mama wa jikoni na hata waliokwisha kuhamia majimbo mengine. Kwetu ilikuwa kama ufunguo unaoachwa kwa jirani. Kumnyima mtu ni kumwambia humwamini. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba ufunguo ulio mikononi mwa wote haufungi kitu. Kwa hiyo Jumatatu ya juma hilo nilikuwa nimeibadilisha nywila, nikampa mchungaji peke yake, na nikaeleza sababu katika kundi la WhatsApp kwa aya mbili zilizopangwa vizuri. Zilijibiwa kwa picha nyingi za mikono iliyokunjwa katika maombi. Hakuna aliyezisoma. Na asubuhi hiyo, mkono wa mmoja uliposhindwa, wengine walileta mikono yao, kama ambavyo wangelisukuma gari la mwenzao lililozimika njiani. Mlinzi wa seva hajui habari za kusaidiana. Aliona mwizi mwenye bidii isiyo ya kawaida.

"Kumbe ulibadilisha kufuli," alisema Mzee Mutai polepole, "na hukutuambia."

"Niliandika, Mzee."

"Kuandika si kuambia."

Kizuizi kile kingeweza kuondolewa na kampuni inayotuhifadhia tovuti tu. Nilikuwa nimeshawaandikia, na jibu la mashine lilikuwa limerudi papo hapo likinishukuru kwa uvumilivu wangu na kuniahidi huduma siku ya kazi. Kule ng'ambo, kwa ujumbe mwingine wa Clement, wasemaji wa pande mbili walikuwa tayari wamesimama.

"Si tutumie mtandao wa simu?" Shiku aliuliza.

Huku chini ya ardhi simu hazipati kitu bila waifai. Mawimbi hufia kwenye ngazi. Gratien hakungoja nimalize kueleza. Alipanda mbio, mlango wa juu ukagongana na ukuta, na baada ya muda sauti yake ikateremka: "Huku iko! Iko inafunguka! Ninaona mahema! Ninaona watu na makofia yao!"

Mama Arakaza akasimama.

"Hapana," alisema Mzee Mutai, naye akisimama. "Haiwezekani. Mama ya bibi harusi akae kwa parking kama mtu anangoja basi? Wakwe watasema nini?"

"Wakwe hawatuoni, Mzee," Shiku alisema.

"Mungu anatuona."

"Mungu naye iko nje, Papa Mutai," Gratien aliita kutoka ngazini. "Huku chini hata yeye anakosa réseau."

Walicheka, lakini mzee hakuondoka njiani, na nilimwelewa. Heshima hiyo aliyotaka kumpa mama wa watu ilikuwa ndiyo zawadi yake. Alikuwa ametandika meza ya mbele kwa mikono yake, kitambaa cheupe, maua, kiti chenye mto. Mama Arakaza alimtazama kwa upole.

"Mzee wangu," alisema, "nimekaa vibaya kwa ajili ya mtoto huyu miaka mingi. Leo acha nikae vibaya nikimwona."

Akainua kiti chake mwenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kukiacha chake chini. Tulipanda ngazi kwa mstari, viti vichwani na mikononi, sinia la maandazi katikati yetu, na Mzee Mutai akafunga msafara akiwa amekumbatia ule mto.

Nje kulikuwa na jua kali na upepo mwembamba wa baridi. Maegesho ya kanisa yanatazamana na barabara iendayo kwenye maduka makubwa, na magari ya Jumamosi yalikuwa yakipita bila kukoma. Gratien alifungua mlango wa nyuma wa gari lake, akasukuma spika kando, nami nikaiweka kompyuta juu ya sanduku la gitaa na kuiunganisha na mtandao wa simu yangu. Jua liliupiga uso wa kompyuta hata tukawa tunajiona sisi wenyewe. Akina mama wa kwaya hawakuambiwa la kufanya. Walifungua vitenge walivyojifunga juu ya magauni, wakavishika ncha kwa ncha juu ya vichwa vyetu, na chini ya kivuli hicho cha rangi nyingi Bujumbura ikaonekana.

Mtu mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake alisimama kuuliza kama tunauza chakula. Shiku akampa andazi, akaenda zake.

Kwenye picha, safu mbili za viti zilitazamana chini ya mahema meupe. Maneno yalikuwa ya Kirundi, na Gratien, ambaye nyumbani kwao mpaka wa Burundi uko karibu kuliko soko, akawa anatufasiria. "Huyu wa wakwe anasema hawakuja kuomba kitu. Wamepotelewa na ng'ombe, nyayo zimewaleta mpaka hapa." Akasikiliza. "Wetu anajibu kwamba hapa hapajaonekana ng'ombe, labda wageni walikunywa njiani, na pombe ndiyo iliyowaonyesha nyayo."

"Safi!" alisema Mzee Mutai. "Wasipewe haraka!"

Kisha wasichana wakaja, wamejipanga, nyuso zimeinama, na wa katikati alikuwa amevaa rangi ileile ya zambarau. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama Arakaza alisogea mbele hata pumzi yake ikaacha ukungu mdogo juu ya kioo.

"Anatembea kama mama yangu," alisema. Baadaye akarudia, kwa sauti iliyokuwa kama ya mtu anayelalamikia kitu kwa mtu asiyekuwepo: "Simu haikuniambia kwamba anatembea hivi."

Simu yake ikalia mkononi mwake. Ilikuwa ni Clement. "Shemeji, ni zamu yako. Nimesimama mbele ya watu, simu iko kwenye kipaza sauti. Mtoto anakusikiliza."

Mama Arakaza akatazama kompyuta, kisha simu, kisha mimi. Katika picha Clement alikuwa ameketi, akimnong'oneza jirani yake. Hakuwa ameshika simu. Arakaza ndiyo kwanza alikuwa akivuta kiti.

"Mbona hajasimama? Mbona anasema amesimama?"

Nilipaswa kulifikiria jambo hili mapema, na sikuwa nimelifikiria. Sauti ya simu huruka moja kwa moja. Picha hukatwa vipande, husafirishwa kwa seva, hungoja vipande vyote vifike, kisha hutufikia. Kati ya Clement aliyekuwa akizungumza na Clement tuliyekuwa tukimwona palikuwa na karibu dakika mbili.

"Mama," nilisema, "picha inakuja nyuma ya sauti. Unachokiona kimekwisha kupita. Wao wanakungoja sasa."

"Na huyu?" Alimwonyesha binti yake kwa kidole.

"Ni yeye, wa muda mfupi uliopita."

"Nikisema sasa, atasikia lini?"

"Sasa hivi. Ila wewe utamwona akisikia baadaye kidogo."

"Huwezi kuirekebisha?"

Katika maisha yangu mafupi sijawahi kutamani kujua kitu kama nilivyotamani kuijua dawa ya dakika mbili zile. "Siwezi, mama," nilisema. "Hakuna anayeweza."

Alinyamaza. Nilidhani anakasirika, ningekubali akasirike. Alikuwa ametaka kumwambia mtoto wake neno moja macho kwa macho, na ulimwengu ulikuwa umemletea macho na masikio kwa njia mbili tofauti. Kwenye simu Clement aliita, "Shemeji? Shemeji, upo?" Nikapunguza sauti ya kompyuta ili isimchanganye. Mama Arakaza akafumba macho, akaigeuzia picha mgongo, akaisogeza simu karibu na midomo.

"Mwana wanje," alisema.

Aliendelea kwa Kirundi, polepole, na Gratien hakufasiri mpaka alipomaliza. Alikuwa amesema: "Mwanangu, mimi nilikuzaa, Clement akakulea. Leo tunakutoa sote wawili, hakuna aliyekutoa peke yake. Kipokee kinywaji. Uende kwa furaha. Na ujue kwamba nilipokuacha sikukuacha."

Simu ikalipuka. Vigelegele, makofi, ngoma iliyoanza kabla ya wakati wake. Clement alipiga kelele ambayo hatukuielewa, kisha laini ikazama katika shangwe na kukatika. Bujumbura ilikuwa imekwisha kufurahi.

Mama Arakaza akafumbua macho na kugeuka. Katika picha palikuwa bado pametulia. Arakaza alikuwa ameketi, macho chini, mikono mapajani, akingoja, hajui bado.

Hakuna mtu aliyepiga kigelegele pale kwenye maegesho. Shiku alikuwa amekwisha kujaza pumzi, akaishikilia. Mzee Mutai akavua kofia. Akina mama walioshika vitenge walikuwa wakitetemeka mikono kwa kuchoka, na hakuna aliyeishusha. Nikaongeza sauti ya kompyuta hadi mwisho.

Tulimwona Clement akisimama. Tulimwona akibonyeza simu, akiipeleka kwenye kipaza sauti, akiita, akiita tena. Ukimya ule wa mama tuliuona ukiwapata wao: wageni wakatazamana, na Arakaza akauma mdomo wa chini. Kisha ndani ya spika ndogo ya kompyuta, ikiwa imekwenda mpaka Bujumbura na kurudi, ikatoka sauti nyembamba ya mama: *Mwana wanje.*

Arakaza akainua uso.

Mama hakuyasikiliza maneno yake mwenyewe, alikuwa anayajua. Alikuwa akimtazama anayeambiwa. Aliona kidevu kikitikisika na kutulizwa. Aliona macho yakipanda kwenye kipaza sauti, kana kwamba mtu amesimama ndani yake. Pale palipotajwa kinywaji aliona mikono yote miwili ikinyooshwa, ikikipokea, ikikishika kwa nguvu mno, na kijana aliyekuwa upande wa pili akicheka kama mtu aliyetokwa na hofu. Shangwe ikaanza tena, safari hii ikiwa na nyuso. Na kabla wasichana wenzake hawajamfunika kwa kumkumbatia, Arakaza aligeuka, akaitafuta kamera, akatuangalia sisi sote chini ya vitenge vyetu bila kutuona, akasema kitu ambacho kelele zilikimeza.

"Amesema nini?" aliuliza Mzee Mutai. "Gratien, amesema nini?"

Gratien alitikisa kichwa.

Mama Arakaza hakumwuliza mtu. Aliweka kiganja kando ya picha ile, mahali ambapo shavu la binti lilikuwa likipita, na akajibu. "Ndiyo," alisema, "ndiyo, mama, nimekuona." Ukurasa ule haukuwa na njia ya kupeleka neno lolote upande wa pili, nami ndiye niliyeujenga hivyo. Sikumwambia. Nilisimama karibu naye, nikaishika kompyuta isitikisike, mpaka alipomaliza kusema.